Saa Tano ya Vadsara

Beatha Mlay aliwasha data saa nne kasorobo asubuhi. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda chake pale Njoro, mjini Moshi, amevaa gauni la kanisani, na ukutani nyuma yake alikwishatundika shuka jeupe ili watu wa kamati ya kuidhinisha upasuaji wasione ufa. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa saba. Simu aliyoambiwa aisubiri ingeingia saa tano. Tangu jana yake alikuwa amezima data, bando lisije likamwishia katikati ya maongezi, maana swali lenyewe lilikuwa zito: kwa nini figo ya kumwekea mume wake inatoka kwa shemeji yake na si kwake.

Data ilipowaka, simu ilitetemeka mkononi bila kupumzika. Simu tatu za video hazikupokelewa. Kisha ujumbe wa Ruth, mke wa shemeji yake, aliyewasindikiza India, mmoja baada ya mwingine. "Dada uko wapi." "Dada washa data, kamati iko hapa." "Dada wanasubiri." Wa mwisho ulikuwa wa sauti, na sauti ya Ruth ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akanyamaza: "Dada Beatha, wameondoka. Wamesema watakaa tena Jumatatu ijayo."

Alimpigia hapo hapo.

"Ruth, si uliniandikia saa tano?"

"Ndiyo, saa tano. Saa tano ya huku!"

"Ya huku ndiyo ipi? Mimi niko Njoro!"

Ruth alitazama saa. "Huku sasa hivi ni saa sita na robo," alisema. "Yesu wangu. Sikufikiria."

Beatha alihesabu kwa vidole. Saa tano yao ilikuwa saa mbili na nusu ya Moshi. Saa mbili na nusu yeye alikuwa anapiga pasi hilo gauni. Saa mbili za tofauti angeweza kuzielewa, hata tatu. Hiyo nusu ilimchanganya kabisa. Wiki nzima tena ya mume wake kwenye mashine, alifikiri, kwa sababu ya nusu saa ambayo hakujua kama ipo duniani.

Mume wake, Gerson, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Miaka miwili kabla ya hapo miguu yake ilianza kuvimba, akadhani ni kusimama sana, akanunua viatu vikubwa zaidi. Alipokuja kupimwa, figo zote mbili zilikuwa zimekwisha. Tangu hapo ilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa saa nne kila mara, mpaka mshipa wa mkono wake wa kushoto ukafanya mafundo kama kamba ya ng'ombe. Beatha alijitolea kumpa figo. Akapimwa, damu haikuoana. Ndipo Emilian, mdogo wake Gerson, dereva wa trekta kule Bomang'ombe, mtu asiyependa maneno mengi, akasema, "Chukueni yangu basi," kama anayeazimisha jembe.

Ukoo ulichanga, kanisa likachanga, na kilichopatikana kikatosha watu watatu: Gerson, Emilian, na Ruth, mke wa Emilian, ambaye ni muuguzi katika zahanati na angeweza kuwahudumia wote wawili. Beatha alibaki na binti yake Doreen na cherehani. Hospitali waliyoelekezwa ilikuwa India, katika mji mdogo wa jimbo la Gujarat uitwao Vadsara. Beatha aliutafuta kwenye simu. Ramani ilimwonyesha jina, mstari mmoja wa barabara na kijani kitupu pande zote. Alivuta picha kwa vidole, akaikuza mpaka mwisho, hakukuwa na zaidi. Mume wake alikuwa ndani ya lile jina.

Asubuhi ile ya kukosa simu hakuweza kukaa nyumbani. Isitoshe zipu zilikuwa zimemwishia, na sketi thelathini za shule zilitakiwa kabla shule hazijafunguliwa. Akatoka vile vile na gauni la kanisani, akashuka mjini mpaka dukani kwa Mama Isha.

Duka lile lilikuwa la vifaa vya mafundi cherehani: uzi, vifungo, bitana, lastiki, sindano za kila namba. Mwenyewe aliitwa Malti, lakini mafundi wote walimwita Mama Isha kwa jina la bintiye. Alikuwa Mhindu wa Moshi, mjane wa miaka sitini na tisa, mwembamba, na miwani yake aliining'iniza kifuani kwa ukanda wa kupimia nguo uliokatwa. Beatha alikuwa mteja wake kwa miaka kumi na moja.

"Shikamoo Mama Isha."

"Marahaba, Mama Doreen. Leo kuna harusi ya nani?"

Beatha aliinamia boksi la zipu. Alianza kuchagua zipu, akazihesabu, akakosea, akaanza upya. Mara ya tatu zikamtoka mikononi zikasambaa juu ya kaunta.

"Mikono ina nini?" Malti akauliza.

Akamwambia yote, wima pale pale, wateja wengine wakisubiri. Malti alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni akauliza, "Mji gani ulisema?"

"Vadsara."

Malti alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sari, akaivaa tena. "Vadsara," alisema. "Vadsara naujua."

Beatha alishika kaunta kwa mikono miwili. "Umefika?"

"Kaa hapo kwenye kiti. Isha, lete chai."

Siku ile alikaa saa nzima. Malti alimweleza kwanza habari ya ile nusu. India ni kubwa, alisema, lakini nchi nzima inafuata saa ile ile, kwa hiyo walikaa katikati ili asionewe wa mashariki wala wa magharibi. Alichukua kipande cha boksi la uzi akaandika safu mbili, Moshi na Vadsara, kuanzia alfajiri hadi jioni, akampa aende nacho. Kisha akamweleza mji. Ni mdogo, alisema, mdogo kama huu wetu. Una stesheni ya reli kama ya hapa, ila yao ina watu wengi mpaka unashindwa kutema mate. Una soko la asubuhi, wanawake wamekaa chini na mizani ndogo za mkono. Ng'ombe wanalala katikati ya barabara na hakuna anayewapigia honi. Nyuma ya hospitali unapita mto, na jioni watu hukaa ukingoni kupunga upepo.

"Na mlima?"

"Mlima hakuna. Ni tambarare, kama kule chini kwenye mashamba ya miwa."

"Sasa mtu akipotea anajuaje kwao ni upande gani?"

Malti alifikiri. "Anauliza," alisema.

Kuanzia siku hiyo Beatha akawa anapita dukani kila siku, ana cha kununua au hana. Maswali aliyapanga njiani. Ruth atapata wapi ndizi? Ndizi zipo, Malti alijibu, lakini si mshare zetu za kupika, supu ya mtori haitatoka. Maji je? Wachemshe. Watu wa huko wakimwona Mwafrika mgonjwa wanafanyaje? Hapo Malti alinyoosha kwanza bitana juu ya kaunta. Watamtazama sana, alisema, halafu watamletea chakula. Beatha alirudi Njoro kila siku na kipande kipya cha mji ule, akampangia Gerson mahali pa kulala, dirisha la kuutazama mto, mti wa kivuli. Alipokuwa akishona, akitazama saa ya ukutani, alijumlisha mbili na nusu bila kujijua. Saa nne hapa, saa sita na nusu kule. Sasa wanampeleka kwenye mashine. Sasa wanamtoa.

Jumatatu iliyofuata saa mbili asubuhi alikuwa dukani tayari. Malti alimweka nyuma ya kaunta, penye intaneti ya duka, akafungua mlango nusu ili wateja wasiingie. Isha naye alikuwepo. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na likizo alimsaidia mama yake.

Simu iliingia saa mbili na dakika arobaini. Walikuwa wanaume watatu na mwanamke mmoja nyuma ya meza ndefu, na Ruth pembeni akitafsiri. Wakauliza jina, wakauliza ndoa ilifungwa lini, wakauliza kama kuna mtu amelipwa. Kisha mwanamke yule akauliza lile swali. Kwa nini si wewe?

Usiku kucha Beatha alikuwa ameandaa jibu refu lenye heshima. Likapotea lote.

"Damu yangu ingekuwa inafaa," alisema, "msingenipigia simu. Mngekuwa mmenilaza hapo hapo kwenu."

Ruth akatafsiri. Mzee mmoja akaandika kitu. Mwanamke akamtazama Beatha kwa muda, kisha macho yake yakahamia nyuma ya bega lake, kwa Malti aliyekuwa amesimama na mafungu ya bitana, na akasema jambo kwa Kigujarati. Malti akajibu. Yule akauliza tena, Malti akajibu tena, kwa sauti ya chini, na wote wanne wakacheka kidogo, cheko la upole. Isha aligeuka akamtazama mama yake.

Simu ilipokatika Beatha alikuwa ameloa jasho. "Wamekuuliza nini?"

"Wameniuliza kwetu ni wapi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema Moshi."

Kibali kilitoka Jumanne. Upasuaji ukapangwa Alhamisi, na safari hii Ruth aliandika saa zote mbili, ya kule na ya hapa, kwa herufi kubwa. Ndugu wawili wakaingizwa chumba cha upasuaji saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Moshi. Ilikuwa baridi ya Julai, ukungu umefunika kila kitu kuanzia mtaa wa Soweto kwenda juu, mlima haukuonekana kwa siku tisa. Beatha alishindwa kushona. Alikaa dukani kwa Malti akipanga vifungo kwa rangi, kazi ambayo hakuombwa. Saa tatu hakuna neno. Saa nne hakuna. Saa tano kasorobo alimaliza vyeupe, akaanza vifungo vya kahawia.

Saa tano na nusu Ruth aliandika: "Imekubali. Imetoa mkojo pale pale mezani. Emilian ameamka anaomba chai."

Beatha alisoma mara nne. Kisha akakaa chini sakafuni, kati ya maboksi, akalia kwa sauti, na Malti akakaa chini pia, magoti yakimlalamikia, akamshika mgongo. Wateja walipochungulia, Isha aliwaambia, "Amepata habari njema, subirini kidogo."

Ijumaa ulikuja mstari mmoja tu: "Wanaendelea vizuri." Jumamosi haukuja. Beatha alipiga, simu ikaita mpaka ikakatika. Akaandika, ujumbe ukaonekana umefika lakini haukusomwa. Mchana akapita dukani, uso umemshuka.

"Ni mvua," Malti akasema haraka. "Mwezi wa saba kule ni mvua yenyewe, si manyunyu ya hapa. Mvua ya Vadsara ikishuka, minara ya simu inazimika. Siku mbili, tatu, ni kawaida kabisa. Hata mimi nilipokuwa kule ilinipata."

"Siku tatu?"

"Hata nne."

Beatha aliibeba hiyo mvua akaenda nayo nyumbani. Jumapili kanisani waliomuuliza habari za mgonjwa aliwajibu kwamba kule mvua imekata mawasiliano. Aliisikia sauti yake ikisema hivyo na ikamtuliza. Usingizi aliupata. Lakini asubuhi ya Jumatatu, akiwa anakata kitambaa, kitu kilimjia: ujumbe wake wa Jumamosi ulikuwa umefika. Kama mnara umezima, ulifikaje?

Alimkuta Isha peke yake kaunta. Mama alikuwa hekaluni.

"Isha, mama yako alikuwa Vadsara mwaka gani? Ile mvua anayoisema."

"Mvua ipi?"

"Ya kule. Alipokuwa huko minara ikazimika."

Isha aliacha kukata lastiki. "Mama Doreen, mama hajawahi kukanyaga India. Hata pasipoti hana. Bibi ndiye aliyetoka huko, na bibi alitoka Porbandar, pwani kabisa. Huo mji wenu, nadhani jina lake amelisikia kwako." Aliona uso wa Beatha, akapunguza sauti. "Hata ile kamati ilipomuuliza aliwaambia hivyo hivyo. Kwamba alizaliwa nyuma ya duka hili na hajatoka. Nilidhani ulikwisha kujua."

Malti akaingia wakati huo huo, ana maua ya hekaluni mkononi yamefungwa kwenye gazeti.

"Mama Isha," Beatha akamwuliza, "mto upo nyuma ya hospitali?"

Malti alimtazama bintiye, kisha akayaweka maua kaunta. "Sijui," alisema. "Miji mingi ina mto."

"Na minara?"

"Sijui, Mama Doreen."

"Siku mbili nimelala kwa maneno yako."

"Ndiyo maana niliyasema."

Beatha alitaka kujibu lakini aliona kuwa akifungua mdomo atamtukana mtu mzima. Akatoka. Pale nje, watu wakimpita na mizigo yao, ndipo hofu ilipomjia sawasawa, kwa sababu mvua ilikuwa imeondoka na hakuna kitu kingine kilichobaki cha kueleza ule ukimya.

Alichukua bodaboda mpaka Kibosho, kwa mama mkwe wake. Hakujua kwa nini anakwenda huko, isipokuwa kwamba kama kuna mtu mwingine duniani ambaye Ruth angempigia, ni mama yao. Barabara ilipanda kwenye migomba na kahawa, ukungu ukawa mzito mpaka dereva akawasha taa. Mama Elisifa alikuwa jikoni anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu.

"Shikamoo mama."

Mama Elisifa hakuitikia. Alimtazama mkwewe akiwa na kisu mkononi. "Umeambiwa na nani?" akauliza.

Beatha alishika mwimo wa mlango. "Nimeambiwa nini, mama?"

Mama Elisifa alitambua alichofanya. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye jani la mgomba, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Hajafa," alisema. "Kaa chini. Hajafa. Ijumaa jioni walimrudisha Gerson chumba cha upasuaji, damu ilikuwa inavujia tumboni. Wakaifunga. Sasa yuko kwenye mashine tena. Ruth alinipigia Jumamosi. Akasema wewe una presha, tukupe siku mbili, labda mambo yatakaa sawa kwanza."

"Mlikubaliana."

"Tulikuhurumia, mwanangu."

Beatha alitoka akasimama ukingoni mwa mfereji, mahali penye mtandao. Alipiga mara mbili, mara tano. Mara ya sita Ruth akapokea, na kabla hajasema kitu Beatha akasema, "Niko Kibosho. Nimeshajua. Sasa niambie wewe."

Ruth alianza kulia. Beatha alimsubiri. Maji ya mfereji yalipita miguuni pake, mtoto wa jirani alimsalimia hakumsikia.

"Figo imelala," Ruth akasema mwishowe. "Ndivyo madaktari wanavyosema. Ilishtuka na ile damu. Inaweza kuamka."

"Na inaweza isiamke."

"Inaweza isiamke."

"Emilian?"

"Emilian mzima. Anatembea. Ila hasemi na mtu. Anaona kama ametoa kitu kibovu."

"Mwambie kaka yake hajafa. Na Ruth, kuanzia leo utaniandikia asubuhi na jioni. Mkojo kiasi gani, homa kiasi gani. Ikiwa mbaya, uandike mbaya."

"Dada, ukianguka huko peke yako?"

"Nikianguka nitainuka. Lakini msinifanye mtoto. Nimezungukwa na watu wanaonihurumia, na hakuna hata mmoja anayeniambia mume wangu yuko wapi."

Ruth alitii. Kila siku, saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni za Moshi, namba ziliingia. Mililita arobaini. Mililita hamsini na tano. Arobaini tena. Homa. Hakuna homa. Beatha aliziandika kwa chaki ya fundi kwenye ubao wa meza ya kukatia, na shule zilipofunguliwa Doreen alizisoma kila akirudi, kabla ya kuvua viatu. Namba hizo zilimtesa. Zilimtoa usingizini, zilimfanya achome sketi mbili kwa pasi. Hata hivyo hakutamani kuirudia ile mvua. Siku ya saba Ruth aliandika mililita thelathini, na Beatha alikaa na simu mapajani mpaka chai ikapoa na Doreen akaja kumwondolea kikombe. Siku ya tisa, mia moja na ishirini. Siku ya kumi, mia nne. Siku ya kumi na mbili Ruth hakuandika, alipiga, na nyuma yake Beatha alisikia sauti ya Gerson, nyembamba, ya mtu aliyetoka mbali: "Mwambie lita moja na robo. Mwambie mimi mwenyewe nimeshika chupa."

Wiki zote hizo hakukanyaga kwa Malti. Zipu alinunua kwa mchuuzi sokoni. Zilikuwa mbovu. Shule ikamrudishia sketi kumi na moja zenye zipu zilizokatika meno, na mwalimu mkuu hakuficha hasira. Basi akarudi dukani kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu nyingine, na akasimama kaunta akaomba zipu za inchi saba, rangi ya bluu.

Malti alizitoa. Alizifunga, kisha akazishikilia.

"Mzee yupo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yupo. Imeamka."

Malti alifumba macho. Akasema "haika" kwa Kichagga, kama akina mama wa sokoni alikokulia, na Beatha hakujua anamshukuru nani.

"Baba yangu alituahidi kila mwaka," Malti akaendelea, bado ameshika zile zipu. "Mwaka huu tutakwenda, tutamwona bibi. Halafu nyumba zikachukuliwa na serikali, halafu akaugua, halafu mimi nikaolewa na Prakash hapa hapa, na yeye alipenda duka kuliko safari. Mama alipokaanga chapati alisema habari za mji wao kila siku. Stesheni, soko, wanawake na mizani. Nilichokupa ni mji wa mama. Nilibadilisha jina tu. Na bahari nikaitoa, kwa sababu ulisema ni mji wa ndani."

"Ukaweka mto."

"Nikaweka mto."

"Ungeniambia hujui, Mama Isha."

"Nikisema sijui, unaondoka dukani na mikono yako vile vile."

"Ningeondoka nayo. Ni mikono yangu."

Malti aliinamisha kichwa. Alimpa zipu, Beatha akalipa, wakaagana kwa adabu. Ilichukua wiki nyingine mbili kabla Beatha hajakubali tena chai ya duka lile.

Gerson alirudi mwishoni mwa mwezi wa tisa, amekonda, mashavu yamevimba kwa dawa. Emilian alirudi na kovu lake kwenye trekta lake; jioni huchoka mapema kuliko zamani, na mtu akimsifu huondoka. Siku moja Beatha alimpeleka Gerson kwa Malti, kwa kuwa ndiye aliyeomba, maana alikuwa amesikia mengi juu ya huyo mama. Malti alimpa kiti. Akamwuliza mji ulikuwaje hasa.

"Hospitali iko kando ya barabara kuu," Gerson akasema. "Mbele ni mafundi wa matairi, usiku na mchana kelele. Stesheni sikuiona, wanasema iko mbali. Mto hakuna. Joto. Kila asubuhi nilitazama dirishani nautafuta mlima, najua haupo, bado nautafuta. Kulikuwa na mzee anauza karanga, alinipa bure siku ya kutoka, sikuelewa alichosema."

"Alisema nini? Jaribu."

Gerson alijaribu, akatamka alivyoweza. Malti alimwambia arudie. Akarudia. Malti akatingisha kichwa, hakuyatambua maneno, na aliendelea kuuliza: matairi ya magari au ya baiskeli, karanga za chumvi au za sukari, wanawake walivaa sari au nguo nyingine. Mpaka Isha akasema mgonjwa apumzike.

Gerson anameza vidonge saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kila siku ya maisha yake yaliyobaki, na hawezi kushika tena moto wa kuchomelea. Anasimamia vijana wawili na kuwakaripia. Kila mwezi anapimwa damu. Mwezi uliopita Beatha alikaa naye kwenye benchi la kliniki kuanzia asubuhi. Mara ya mwisho namba ya uchafu kwenye damu ilikuwa imepanda kidogo, na daktari alisema ni kidogo tu, tutaangalia. Beatha alikuwa ameitafuna kucha ya kidole gumba mpaka nyamani.

Muuguzi alitoka na karatasi, akamtazama Gerson, akamtazama Beatha, akatabasamu lile tabasamu la kumtuliza mtu. "Mama, wewe subiri hapa hapa, tutamwita mzee aingie kwanza na daktari."

Beatha alisimama. "Tunaingia wote wawili," alisema, na akanyoosha mkono kuipokea ile karatasi.